Baba Alikufa Mara Kumi na Moja

Mwaka ule wa kiangazi kirefu, Zambales,
walikuja na malori tisa na jenereta moja
iliyonguruma usiku kucha kama fahali mwenye kidonda.
Walitaka vita.
Sisi tulikuwa navyo vya kutosha, tena vibichi bado,
miaka minane tu chini ya udongo,
lakini vile vyetu, walisema, havikuwa na mwanga mzuri.

Wakajenga kijiji kando ya kijiji:
vibanda kumi na viwili vya makuti mapya,
sakafu za mianzi iliyochongwa, ngazi zisizolia.
Mama akamfuata karani mwenye daftari:
"Mkishavipiga picha, twaweza kuvichukua?"
Karani akacheka kwa adabu.
Vilijengwa vichomwe.
Vikachomwa mara mbili, maana mara ya kwanza
moshi ulielekea pasipotakiwa.

Siku ya mvua waliileta mvua ndani ya lori.
Mipira ikainuliwa, maji yakashuka
juu ya mpunga uliokwisha kufa,
na vyura, wajinga wa Mungu, wakatoka nyufani kuimba.
Tukakimbia na ndoo, masufuria, kofia ya padri,
mpaka kipaza sauti kikafoka:
hakuna watoto katika vita hivi!

Baba, Policarpio Dumlao, mkata miwa,
alikuwa mfupi, miguu ya matege.
Wakampa magwanda ya adui.
Peso mbili kwa siku, na senti hamsini kila anguko.
Kufa kufaana: kwa siku tatu alikufa mara kumi na moja,
kwa risasi baridi, kwa bomu la unga,
mara moja kwa kuteleza tu, wakamlipa vilevile.
Alijifunza kuanguka kama gunia la sukari,
bega kwanza, halafu yote.

Jioni ya kwanza alirudi hajayavua.
Bibi Eulalia alikuwa anapepeta mchele.
Akaiona kofia ile, yenye kitambaa cha kufunika kisogo,
inapanda ngazi.
Ungo ukamtoka.
Hakupiga kelele. Alichukua sahani ya mwanawe
akaiweka nje, chini, karibu na mbwa,
akafunga mlango.
Baba alikula wali wake gizani, na suruali ya ndani,
magwanda ameyatundika mbali, kwenye mpera,
yakiyumba kama mtu aliyesahau njia.

Hakuna aliyelitaja jina la Nicanor,
mdogo wake baba,
aliyeitwa nje usiku mmoja na kofia kama hiyo,
tusirudishiwe hata kiatu.

Filamu ilifika mjini baada ya mwaka na nusu.
Ukumbi wa mabati, viti vya mbao, kunguni wasiolipa tiketi.
Kiingereza kitupu. Mzungu mmoja mwenye kidevu
alikikomboa kisiwa chetu kati ya mabusu mawili.
Vibanda viliungua vizuri.
Mvua ilinyesha vizuri, chura mmoja alisikika.
Kisha, kona ya kushoto, nyuma ya daraja:
bega kwanza, halafu yote.
Sekunde tatu. Vifo kumi vilikwenda na mkasi, kikabaki kimoja.
"Poli yule!" mtu akapiga yowe,
na ukumbi mzima ukashangilia,
tusijue tunamshangilia jirani au tunashangilia adui kufa.
Baba mwenyewe alikuwa anamenya karanga.

Bibi hakushangilia.
Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, akilipa kwa mayai.
Siku ya nne mkata tiketi akamwuliza,
Nana, kumbe hadithi umeipenda?

"Hadithi siijui," akasema. "Nakaa mpaka anapoanguka.
Halafu napatazama pale alipoangukia.
Wanageuza haraka mno.
Mwambie huyo wa huko juu, mwenye mashine,
asigeuze haraka.
Nataka kuona nani anakwenda kumwokota."